Umeme Uliopita Kwenye Ngozi ya Mwanangu

Watu wengi waliokiona kile kisahani cheusi kichwani mwa mwanangu walidhani ni pambo. Mama mmoja sokoni aliniuliza kama ni hirizi ya kisasa. Na vijana wa bodaboda wa kijiweni kwa mume wangu, pale Bombambili, Songea, kila wakituona tunapita walikuwa wanapiga kelele: "Shemeji, leo mmemchaji? Asije akazima njiani!"

"Chajini akili zenu kwanza," nilikuwa nawajibu.

Wanacheka, na mwanangu naye anacheka kwa sababu amesikia wanacheka. Nilikuwa najifanya nimeudhika, lakini moyoni nilikuwa nafurahi. Mtoto anayetaniwa akasikia utani ni mtoto aliyerudi.

Maana alishaondoka. Homa ya uti wa mgongo ilimkuta ameanza kusema maneno machache: mama, maji, sitaki. Akapona. Tukashukuru, tukatoa na misa ya shukrani. Baadaye ndiyo nikaona mtoto hageuki. Nadondosha sufuria nyuma yake, hageuki. Namwita niko mlangoni, hageuki. Yale maneno yake machache yakaanza kwisha, la mwisho kuondoka likawa "sitaki". Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, cheti changu cha kidato cha nne kimekaa kabatini, na mtoto ananitazama mdomo kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani.

Jinsi tulivyopata nafasi ya upasuaji Dar es Salaam ni habari ndefu ya foleni na kuombaomba, siisemi hapa. Ninachotaka kusema ni kifaa chenyewe, maana bila kukielewa hutaelewa hasira yangu.

Kina sehemu mbili. Moja madaktari waliipandikiza chini ya ngozi, nyuma ya sikio, na uzi wake ukaingia hadi ndani kabisa ya sikio. Hiyo ya ndani haina betri. Haina waya unaotoka nje. Imekaa mle kama mbegu. Sehemu ya pili ni ya nje: kitu kinaning'inia nyuma ya sikio, kina betri na kipaza sauti, halafu kuna waya mfupi unaokwenda kwenye kile kisahani. Ndani ya kisahani kuna koili ya nyaya, na katikati kuna sumaku. Chini ya ngozi nako kuna koili na sumaku. Sumaku na sumaku zinashikana, ngozi ikiwa katikati, na umeme unavuka pale bila waya wowote, umebeba sauti.

Mimi nauza vifaa vya simu. Kibandani kwangu nina zile chaja za kulaza simu juu yake tu, bila kuchomeka. Mteja akileta simu yenye kava nene namwambia kabisa, vua kava, la sivyo itapata moto na haitajaa. Kwa hiyo nilipoelezwa habari ya koili mbili na kitu kinachokaa katikati, sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba safari hii kava ni ngozi ya mwanangu.

Siku walipokiwasha kwa mara ya kwanza alilia kwa hofu. Baada ya miezi alikuwa anageuka. Baada ya mwaka alikuwa anasema, tena anasema sana, anabishana, anamtania baba yake kwamba pikipiki yake inakohoa. "Sitaki" ilirudi kwa nguvu zote. Sijawahi kufurahia neno baya kiasi kile.

Safari yetu ya mwisho ya kawaida Dar, mtaalamu wa usikivu, dada mmoja asiyekuwa na haraka na mtu, alilalamika kidogo kuhusu nywele. Mwanangu ana nywele nzito za upande wa baba yake. Kisahani kilikuwa kinadondoka akiruka kamba. Yule dada akabadilisha sumaku, akaweka yenye nguvu zaidi ili ishike juu ya nywele. Akanipa kijitabu cha maelekezo. "Ukiona ngozi imekuwa nyekundu hapo, nipigie," akasema. Kwenye kijitabu kulikuwa na picha ya mtoto wa Kizungu mwenye alama nyekundu nyuma ya sikio, nyekundu kama pilipili. Nikaitazama vizuri ili nisije nikaikosa.

Mwezi wa sita baba mkwe akafariki.

Tulikwenda wote Maposeni, kijijini kwa mume wangu. Baridi ya huko mwezi wa sita unaijua kama umewahi kulala nayo: asubuhi unatoka nje unakuta mahindi shambani yamekauka na ukungu umeyakalia. Tukazika. Kwao, baada ya mazishi, ndugu wa damu hunyolewa. Wembe, maji, sabuni, wanakaa chini mmoja mmoja, nywele zinakusanywa. Asiyenyolewa anahesabiwa kwamba bado anatembea na msiba kichwani. Siyo mila ya kuchekesha, mimi mwenyewe nilinyolewa alipokufa baba yangu, najua unavyojisikia mwepesi ukisimama.

Lakini kwa mtoto niliogopa wembe. Kile kitu cha ndani kinahisika kwa kidole, kimeinuka kidogo. Nikamfuata mama mkwe jikoni jioni, nikapiga goti.

"Mama, mtoto nawaomba mumkate kishungi kimoja tu, hapa mbele. Pale nyuma pasiguswe."

"Nimesikia, mkwe," akasema.

Kesho yake asubuhi niko nyuma ya nyumba na wanawake wengine tunasugua masufuria ya msibani, namsikia mwanangu anacheka. Kicheko cha kutekenywa. Nikaenda na majivu mikononi. Nikamkuta amekaa katikati ya miguu ya bibi yake, kichwa kinang'aa kama kibuyu, na shangazi mtu anamwosha sabuni.

"Nilisema kishungi!"

Shangazi mtu, dada wa mume wangu, hakuinua hata macho. "Kishungi wanakatwa wakwe. Huyu ni damu."

"Mtoto ni mgonjwa."

"Mgonjwa gani anacheka hivi? Au unataka mjukuu wa marehemu abaki na msiba peke yake, sisi wote tukiutua?"

Mama mkwe akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia siku zote zile. "Mwanangu, sijamwachia mtu. Nimenyoa kwa mkono wangu mwenyewe, polepole. Hata mchubuko hana. Halafu tazama."

Akachukua kisahani, akakipeleka kichwani. Hakikuhitaji kupelekwa. Kiliruka chenyewe kutoka vidoleni mwake kikabana, ta!

"Kimeshika!" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona anatabasamu. "Zilikuwa ni nywele zinakisumbua."

Mtoto akaambiwa akimbie. Akakimbia kuzunguka nyumba, hakikudondoka. Akaruka, hakikudondoka. Wanawake wakapiga makofi, mtu mmoja akapiga na kigelegele, msibani. Mume wangu akanong'ona, "Unaona? Ulikuwa unagomba bure." Na kwa kuwa kichwa kipara na baridi ile havipatani, bibi akavua kofia yake ya sufu, akamvika mjukuu, akaivuta hadi chini ya masikio, juu ya kisahani. Tulirudi mjini nayo. Hakuivua mwezi mzima, aliipenda kwa sababu ilikuwa na harufu ya bibi.

Ukitaka kujua kosa lilipo, ni pale pale penye makofi. Ile sumaku iliwekwa kwa ajili ya kichwa chenye nywele. Nywele zilipoondoka, sumaku mbili zilibaki zinabana ngozi peke yake, kutwa nzima, na kofia ikisukumia juu. Kila mtu aliona kinashika vizuri. Kushika vizuri ndiko kulikokuwa kunaua.

Mambo yalianza kwenye betri. Betri iliyokuwa inadumu tangu asubuhi hadi mtoto anapolala ikaanza kuishia saa nane mchana. Halafu saa sita. Mtoto anakuja kibandani kutoka kwa jirani anayemwangalia, anagusa sikio, anasema, "Mama, imekufa." Nabadilisha. Mume wangu akasema ni umeme wa nyumbani, unakuja na kukatika, unaua betri. Jirani akasema betri zote siku hizi ni feki. Fundi simu wa kibanda cha pili akaipima na mita yake, akasema, "Dada, betri ni nzima. Chaja ni nzima. Kuna kitu kinakula."

"Kinakula nini?"

"Hicho sijui. Ingekuwa simu ningesema kuna programu inafanya kazi kwa siri."

Kila jioni nilikuwa namvua kofia namkagua kwenye mwanga wa mlangoni. Nilitafuta wekundu. Sikuuona. Nataka niliandike hili kwa herufi zinazosomeka: mwanangu ni mweusi. Ni mweusi wa kupendeza, mweusi wa baba yake. Wekundu unaotokeza kwenye ngozi ya mtoto wa kwenye picha hautokezi kwenye ngozi yake. Pale mahali palikuwa pamekuwa peusi zaidi kidogo, panang'aa kidogo, kama umepaka mafuta. Mimi nilikuwa nimempaka mafuta. Kijitabu kilisema nyekundu, na mimi nilisoma, najua kusoma, nikatafuta nyekundu. Aliyeandika kile kijitabu hakuwahi kufikiria kichwa kama cha mwanangu. Alikitengenezea kifaa, lakini macho ya kukilinda hakukitengenezea.

Mwisho nikampigia yule dada wa Dar, siyo kwa sababu ya ngozi, kwa sababu ya betri. Nilitaka aniambie wapi nitapata nyingine nzuri.

"Mama, mtoto anasikia vizuri?"

"Vizuri kabisa. Shida ni betri tu."

"Sikiliza. Kile kifaa hakirushi umeme ule ule muda wote. Kingefanya hivyo kingemaliza betri bure, na ngozi ingepata joto. Kinarusha kidogo, halafu cha ndani kinajibu: nimepata, inatosha. Cha ndani kikisema hakijatosha, cha nje kinaongeza. Vinaulizana hivyo muda wote, haraka kuliko kupepesa jicho. Ngozi ikiwa nyembamba kinatumia kidogo. Koili zikiachana kinatumia zaidi, ili mtoto asipungukiwe sauti."

"Sawa."

"Kwa hiyo betri ikiisha mapema, maana yake kimekuwa kikiongeza. Koili zimeachana. Kuna kitu kimeingia kati. Mtoto uko naye hapo? Vua kisahani. Bonyeza pale kwa kidole."

Nilikuwa naye. Nikavua kofia, nikang'oa kisahani. Nilikibandua kwa nguvu, kama kifuniko cha kopo la rangi. Nikabonyeza. Ngozi ilikuwa ya moto, na chini yake palikuwa laini, palibonyea kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Mwanangu akaruka, akanipiga mkono. Halafu katikati, pale sumaku inapokaa, pakatoka kitone cheupe.

Nimekaa na maneno ya yule dada muda mrefu tangu siku ile. Ngozi ilibanwa hadi ikaanza kufa, ikavimba, usaha ukajaa, koili zikaachana. Na kifaa kilijua. Kwa namna yake kilijua kabla yetu sote. Ila walikifundisha kuongeza tu. Hawakukifundisha kulalamika. Kila siku kidonda kilipokua kidogo, kifaa kiliongeza kidogo, na mtoto akaendelea kusikia, akaendelea kucheka na vijana wa bodaboda, na sisi tukaendelea kulaumu umeme. Kingekuwa kifaa kijinga, kisichojua kujirekebisha, kingezimika siku za mwanzo, mtoto angesema hasikii, nami ningempigia dada siku hiyo hiyo. Uhodari wake ndio uliotufichia. Wapo waliokaa mezani wakapiga hesabu jinsi ya kukifanya kisipoteze hata chembe ya umeme, na nina hakika walipongezana. Mimi ningewauliza swali moja: kelele ya maumivu mliihesabu wapi?

Zahanati walisafisha, wakatupa dawa, wakasema nendeni Dar haraka. Kabla sijaondoka nilimpigia mama mkwe. Sikumsalimia. Nilimwambia, "Umemnyoa masikio." Hivyo hivyo. Nikakata simu. Mume wangu akasema huwezi kuongea hivyo na mama yangu, ana msiba, mila ni mila. Nikamwambia na mimi nina msiba, ila wangu bado unapumua na unaniuliza kwa nini simvalishi kisahani chake.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kwanza ya madaktari: asikivae tena. Walioweza kuamuru ni wao, wa kumnyima nikawa mimi. Kwenye basi alikuwa ananionyesha kichwa, anasema kwa sauti kubwa kama watu wasiosikia, "Mama, weka!" Natikisa kichwa. "Weka! Nitakuwa mzuri!" Abiria wanageuka. Alidhani anaadhibiwa. Na sikuwa na jinsi ya kumweleza kwamba haadhibiwi, kwa sababu njia ya kumweleza ndiyo niliyokuwa nimeificha kwenye mkoba. Alinipiga kifuani hadi akachoka, akalala.

Hospitali walijaribu. Dawa za mshipani, kusafisha kila siku. Daktari mkuu akaniita mwishowe, akasema usaha umeshazunguka kile cha ndani, na kitu kisicho na uhai kikiingiliwa na usaha hakiponi. Lazima kitoke, kabla haujaelekea kwenye ubongo.

"Mtaweka kingine?"

"Tutaona, mama."

"Nijibu kama mtu mzima mwenzako."

Akavua miwani. Akasema ile homa ya uti wa mgongo huacha mfupa ukiota ndani ya sikio. Sikio la pili lilishajaa mfupa, waya hauingii. Hili, uzi ukitoka, njia yake inaweza kuziba pia. "Inaweza," akarudia, kama anayeniachia kitu mkononi nishikilie. Nikaelewa. Angalau hakunidanganya.

Asubuhi ya upasuaji nilimwomba yule dada wa usikivu kitu kimoja. Nilitaka mwanangu asikie kidogo kabla. Nilitegemea atakataa. Akaenda kuuliza, akarudi, akafungua kile kisahani, akatoa sumaku yote, akaniwekea koili tupu mkononi.

"Hakitashika chenyewe. Utakishika wewe. Usigusishe kidonda, kiache juu kidogo tu. Kitajisukuma kufika. Taa hii ndogo ya kwenye kifaa ikiwa ya kijani, kimefika. Dakika chache, mama, si zaidi."

Nikakaa kitandani nyuma ya mwanangu, nikaishusha koili polepole juu ya kidonda. Taa nyekundu. Nikashusha zaidi. Kijani. Nikaona mabega yake yanashtuka. Akatulia kama kifaranga kilichofunikwa.

Nilikuwa nimepanga maneno, tangu Songea nilikuwa nayapanga. Yote yaliondoka. Nikasema, "Unanisikia?"

"Ndiyo."

"Unataka kusikia nini?"

Hakufikiri. "Bibi."

Ningeweza kusema bibi hayupo. Mtoto asingejua. Nilikaa na hilo wazo kwa pumzi moja au mbili, na taa ya kijani inanitazama. Halafu kwa mkono mwingine nikatoa simu, nikaweka sauti ya juu, nikapiga Maposeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe?"

"Mtoto anataka kukusikia. Ana dakika chache tu, wanamwingiza. Ongea."

"Niongee nini mimi, mwanangu?"

"Chochote."

Nikasikia anavuta pumzi, halafu akaanza kulia, kilio cha chini chini cha wazee. Mwanangu akasema, "Bibi haongei."

"Mama! Ukilia hasikii kitu. Lia baadaye. Ongea!"

Akajikohoza. "Mjukuu wangu. Umekula?"

"Hapana. Wamenikataza."

"Wamekukataza kula? Mtoto? Watu gani hao, hawana hata uji?"

Mwanangu akacheka, koili ikasogea, taa ikawa nyekundu, nikairudisha. "Bibi, kuku yule aliyekuwa analalia mayai ametotoa?"

"Ametotoa! Wako hapa miguuni, wanasumbua. Unataka kuwasikia? Ngoja."

Akaanza kuwaita, ule mwito wake wa ulimi na midomo, na nyuma yake vikasikika vifaranga, vingi, vyembamba, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Mwanangu akashika simu kwa mikono miwili akaisogeza karibu na kipaza sauti cha sikioni. Sijamsamehe yule mama. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na sijui kama nitaweza. Lakini nilishika ile koili juu ya kidonda alichonisababishia, nikaishika vizuri kuliko nilivyowahi kushika kitu chochote, hadi mkono ukachoka na taa ikaanza kwenda na kurudi.

Muuguzi akaja na kitanda cha magurudumu. "Mama, tayari."

Nikaondoa mkono. Mwanangu hakugeuka. Alibaki ameinama, uso kwenye simu, anasubiri vifaranga virudi. Nikaichukua taratibu kutoka mikononi mwake, wakampandisha, wakamsukuma kwenye korido, akawa ananitazama tu.

Sikukata. Nilisimama pale na simu, na bibi yake, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba imekwisha, alikuwa bado anawaita kuku.